Mume Hayupo

Mke wangu alipiga pasi miaka thelathini na mmoja. Si pasi ya nyumbani. Ni pasi ya kazi, kwa dobi mkubwa aliyefua mashuka ya nyumba za wageni na sare za wahudumu. Meza yake ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni, karibu na dirisha. Mtu akimtafuta alielekezwa hivi: nenda kule kwenye mvuke, utamwona mama mfupi anagombana na shuka.

Walimwita Bi Mkunjo. Aliuona mkunjo mahali ambapo sisi wengine tuliona kitambaa tu. Tunaweza kuwa msibani, analia machozi ya kweli, kisha ananivuta mkono na kuninong'oneza, "Mzee, shati la yule kaka, mgongoni. Nani kamtoa nyumbani vile?" Halafu anaendelea kulia.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Sikusoma. Namba nazijua, kwa sababu mita ya presha haina huruma na asiyejua namba. Herufi hazikunikubali. Haya yanaandikwa na jirani yangu, karani mstaafu. Mimi nasema, yeye anaandika, na kila ukurasa ukiisha namwambia anisomee mara mbili. Hapendi. Anasema simwamini. Kweli simwamini. Tangu mwaka jana simwamini mtu aliyeshika karatasi.

Nilipomposa mke wangu aliniuliza, "Hujui kusoma kabisa?"

"Kabisa."

Akacheka. "Basi haya macho yangu tutagawana. Moja langu, moja lako."

Na kweli tuligawana. Barua, tangazo la maji kukatwa, maelezo ya dawa, kipande cha gazeti kilichofungiwa sabuni, vyote alinisomea. Mimi nafunga nati au nasugua bomba, yeye anasoma kwa sauti. Miaka thelathini na minane. Hakuna siku niliyomwambia, hebu nione.

Kipimo cha kwanza kilikuwa miaka minne nyuma. Miguu ilimvimba, na ngazi za kwetu zikaanza kumshinda. Tunakaa ghorofa ya pili. Zahanati wakampima presha, wakamwandikia aende hospitali kubwa akapigwe eko. Akaogopa. Alidhani watampasua kifua.

Muuguzi akamtuliza. "Hupasuliwi, mama. Hata sindano hakuna. Ni kama wanavyopima wajawazito, ila kwako wanautazama moyo."

"Na wakikuta mtoto je?" mke wangu akamuuliza. "Kwa umri huu nitamficha wapi?"

Siku hiyo niliingia naye. Chumba kidogo, giza la pazia, mashine yenye kioo kama televisheni. Mpimaji alikuwa dada mmoja mwenye miwani, mpole, mkono mwepesi. Akamlaza ubavu wa kushoto, akambandika vibandiko vitatu vyenye nyaya, akampaka jeli ya baridi chini ya ziwa. Kisha akakandamiza kidude kati ya mbavu zake na kukizungusha taratibu, huku macho yake yako kwenye kioo.

"Vuta pumzi. Toa. Usivute."

Mimi nikitaka kujua pampu inaumwa wapi bila kuifungua, naweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni. Nikaona huyu dada na mimi kazi yetu ni moja. Kwenye kioo nikaona moyo wa mke wangu unajaa, unajikamua, unajaa, unajikamua. Vilango vyake vinafunguka na kufunga.

Nikasema, "Valvu zinafunga vizuri."

Mpimaji akageuka. "Baba, wewe ni daktari?"

"Fundi pampu huyo," mke wangu akajibu kutoka kitandani. "Mwache, dada. Leo amekutana na ndugu zake."

Tukapewa karatasi. Daktari wa kutueleza angepatikana baada ya wiki mbili. Nje, kwenye mwanga, nikaona namba katikati ya maandishi: 60, na ile alama ya asilimia.

"Hii ya nini?"

Akanisomea. "Uwezo wa moyo kusukuma damu, asilimia sitini."

Pampu yangu mimi ikitoa sitini kwa mia, naizima siku hiyohiyo. Naiweka chini. Sisubiri ikaungua.

Basi nikamzima mke wangu. Ndoo sikumwachia. Ngazi nikamkataza, akakaa ndani kama kuku anayeatamia. Akiinuka nauliza anakwenda wapi. Usiseme nilimpiga au nilimfokea, sikufanya hivyo. Nilimchunga tu. Siku ya tatu nikaenda kwa dobi. Nikasimama katikati ya ule mvuke, wafanyakazi wote wakanyamaza, nikamwambia msimamizi, "Moyo wake umebaki sitini. Msimpe pasi."

Nilidhani nimemtendea wema. Siku ya nne akatoroka akaenda kazini mwenyewe, akakuta wamempa kiti pembeni na rundo la leso za mezani akunje. Wenzake walikuwa na midomo.

"Sitini kaja!"

"Sitini, shika leso hii. Ukiiona nzito sema, tukutafutie msaidizi."

"Jamani msimchekeshe, hiyo sitini yenyewe itashuka."

Jioni alirudi kimya. Kwake kimya kilikuwa kitu kigeni.

Baada ya wiki mbili daktari akasoma karatasi, akamwambia moyo wake ni mzuri. Nikamuuliza, mzuri na sitini? Akacheka sana yule kijana. "Mzee, hakuna moyo unaomwaga damu yote. Unajaa, unajikamua, nyingine inabaki ndani. Ukitoa sitini katika kila mia, huo ni moyo wa kuringia. Ukishuka chini ya arobaini ndipo sisi tunakosa usingizi." Tatizo lake lilikuwa presha. Akapewa vidonge.

Njiani hakuniangalia. Tulipofika nyumbani akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akafuta macho akasema, "Sitini ya kuringia. Na wewe umenitembeza mjini kama maiti."

Nilimwomba radhi. Mara moja. Mimi si mtu wa kurudia maneno.

"Yameisha," akasema.

Ilimchukua miezi mitano kurudishiwa meza yake ya dirishani. Jina la Bi Mkunjo halikurudi. Mpaka mwisho walimwita Sitini, hata wale wapya ambao hawakujua limetoka wapi. Mimi nikaamini yameisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema.

Sasa nije kwenye mwaka jana.

Kampuni ilipata kazi ya visima kumi na viwili, mbali, miezi mitatu. Mkuu wa karakana akaniita akaniambia, safari hii fundi mkuu ni wewe. Maisha yangu yote nilikuwa fundi wa pili. Wakubwa zangu walikuja vijana, wakaondoka wazee, mimi niko palepale na bisibisi yangu, kwa sababu fundi mkuu hujaza fomu. Safari hii wakaniambia fomu atajaza mtu mwingine.

Nikarudi nyumbani na hiyo habari. Mke wangu akapiga kigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Lakini nilikuwa nimeona kitu. Alikuwa analalia mto mmoja, ikawa miwili, ikawa mitatu. Nikimuuliza anasema shingo. Akipanda ngazi anasimama katikati kumsalimia mtu ambaye hayupo. Nikamwambia, "Siendi mpaka upimwe tena."

"Nipimwe nini? Vidonge nameza."

"Upimwe moyo. Ikiwa namba imeshuka hata kidogo, siendi. Waende na mwingine."

Akaniangalia muda mrefu. "Hata kidogo?"

"Hata moja."

Hapo ndipo nilipokosea, kama nilikosea. Nimelifikiria sana neno hilo.

Tukaenda siku ya Alhamisi. Mlango uleule. Palikuwa na karatasi mpya imebandikwa, yenye maandishi makubwa mekundu. Mke wangu akaisoma, akanigeukia.

"Umeona? Mgonjwa peke yake. Wewe kaa hapa."

Nikakaa kwenye benchi. Hatua kumi kutoka mlangoni, nilizihesabu baadaye. Katikati ya kusubiri, mpimaji alitoa kichwa nje kutafuta mtu. Ni yuleyule dada mwenye miwani, lakini mimi sikumwambia kitu, na yeye huona watu wengi.

"Baba, unasubiri kipimo?"

"Nasubiri tu."

Akarudi ndani.

Karibu saa nzima. Kisha mke wangu akatoka, anajifunga mtandio, uso umetulia.

"Namba?"

"Ileile."

"Sitini?"

"Sitini yangu yote, haijapungua hata nukta. Twende, nina njaa."

Karatasi ilikuwa kwenye mkoba. Namba nazijua. Ningesema hebu nione, ningeona. Sikusema. Njiani alinishika mkono, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu tukiwa vijana. Nikajua ni furaha.

Jumatatu nikaondoka.

Nilimpigia simu kila jioni. Hakuwa na habari ya ugonjwa. Alitaka kujua vijana wangu wananiheshimu, kofia ya fundi mkuu inanikaa vipi, nani ananifulia. Nikimuuliza hali anasema, "Mimi nina nini? Wewe eleza pampu." Wiki ya nane aliniuliza, "Cha saba kimetoa maji?"

"Leo."

"Yanaruka?"

"Yanaruka."

"Hebu yasogezee simu nisikie."

Nikanyoosha mkono, nikaishika simu karibu na maji. Vijana wakanicheka. Nilipoirudisha sikioni alikuwa bado yupo, anahema. Nikadhani simu ina upepo.

Wiki ya tisa, asubuhi, binti yetu akanipigia. Ni mtoto wetu wa pekee, ana duka la madaftari na kalamu, ana mume wake na nyumba yake. Akasema, "Baba, mama." Sikuhitaji jingine. Nilipanda lori siku mbili. Barabara ilikuwa imekatika sehemu moja, tukalala. Nilipofika, nilikuta udongo.

Walishazika. Hawakuweza kuningoja. Sikugombana na mtu, kwani joto lilikuwa kali na mimi nilikuwa mbali. Mbali kwa kazi. Mbali kwa sababu moyo wa mke wangu ni sitini.

Zikapita wiki tatu. Nikafungua sanduku lake nigawe nguo. Kila kitu kimekunjwa sawasawa, ukingo kwa ukingo. Kati ya shuka mbili nikaikuta karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo yake imenyooshwa kwa pasi. Huyo ndiye mke wangu, hata cha kuficha lazima akinyooshe.

Tarehe ilikuwa ya ile Alhamisi. Nikashusha kidole mpaka kwenye alama ya asilimia. Mbele yake palikuwa na namba mbili. Nikadhani nimekosea, nikaenda nayo dirishani.

Mbili. Tano.

Ishirini na tano. Nilikaa kitandani kwenye upande wake, ile mito mitatu bado iko pale. Sikulia. Wakati wa msiba nililia. Siku hiyo nilishindwa. Niliwaza kitu kimoja tu: mwanamke huyu alinitoa nyumbani kwangu. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akanifungia begi, akanisindikiza mpaka barabarani, akijua. Jicho aliloniahidi kuwa ni langu ndilo alilonipofulia.

Nikaenda dukani kwa binti yangu. Nikaiweka karatasi juu ya meza, katikati ya madaftari.

"Hii nini?"

Akaiona. Hakuuliza nimeipata wapi. Kwa hilo nikajua kwamba anaijua.

"Baba, kaa kwanza."

"Sikai. Ulijua lini?"

"Wiki ya pili ulipoondoka. Nilimkuta amelala ameketi."

"Na simu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Kila nikikuuliza mama yako vipi, unaniambia mzima, anagombana na jirani wa chini."

"Alikuwa anagombana na jirani wa chini, Baba. Hilo halikuwa uongo."

Nusura nimcheke. Nusura nimpige. Sikufanya lolote.

Akaanza kulia. "Aliniapisha. Nilimwambia nampigia Baba sasa hivi, akanishika mkono. Akasema, 'Kwa sitini alinifungia ndani, akanitangaza mbele ya watu. Kwa ishirini na tano atanizika kabla sijafa. Na ile kazi ameingoja tangu wewe hujazaliwa. Mwache akawe mkubwa.'"

"Nani alimwambia nataka kuwa mkubwa?"

"Wewe. Kila siku. Ukimya wako wote ulikuwa huo."

"Na wewe ukakubali."

"Alikuwa mama yangu, Baba. Alitaka awe na nyumba yake, jiko lake, pasi yake. Alikwenda kazini mpaka wiki ya sita. Kwake hiyo ilikuwa raha."

"Nami nilitaka niwepo."

Akafuta machozi kwa kiganja.

Nikamwambia, "Nisomee yote. Kuanzia juu."

Akasoma. Mimi nilisimama upande wa pili wa meza, kidole changu kinashuka mstari kwa mstari. Mashairi ya madaktari: ukuta wa moyo umekuwa mwembamba, vyumba vimetanuka, vilango vinavujisha, namba ileile. Akaishia hapo, akaanza kuikunja.

"Bado."

"Nimemaliza, Baba."

"Mistari ni kumi na mmoja. Umesoma kumi."

Ule wa mwisho ulikuwa wa mkono, kwa kalamu. Alisoma huku anaangalia chini. "Mgonjwa ameelezwa hali yake. Ameshauriwa kulazwa, amekataa. Mume hayupo, yuko safarini."

Nikamwambia arudie yale ya mwisho.

"Mume hayupo, yuko safarini."

Alhamisi ile safari ilikuwa bado siku nne. Nilikuwa nimekaa benchi, mikono juu ya magoti.

Mengine yote ningeweza kuyameza. Mke wangu kunificha, ni mke wangu. Binti kunificha, aliapishwa. Lakini karatasi ya hospitali, yenye tarehe na mhuri, inamwambia kila atakayeisoma kwamba mwanamke huyu alipopewa hukumu yake, mwanaume wake hakuwapo. Mimi nitakufa, na karatasi itabaki inasema hivyo. Nikaichukua. Nikamwambia binti yangu, "Usinifuate." Sikusema naye tena kwa muda.

Nilirudi hospitali asubuhi ya Jumanne. Mlango uleule, ile karatasi ya maandishi mekundu bado imebandikwa. Mfagiaji alikuwa anapita na dekio.

"Mwanangu, pale pameandikwa nini?"

Akatazama. "Zima simu, mzee."

"Hakuna mahali pameandikwa mgonjwa peke yake?"

"Zima simu, basi."

Nikashukuru. Nikangoja mpaka mgonjwa aliyekuwa ndani akatoka, nikagonga, nikaingia.

Yule dada mwenye miwani alikuwa anapangusa jeli. Nikampa karatasi. Akaisoma, akaniangalia, akaisoma tena.

"Wewe ni wa pampu," akasema. "Valvu zinafunga vizuri."

"Ndiyo."

"Mama hajambo?"

"Amefariki."

Akakaa. Hakusema pole haraka kama watu wanavyosema. Ilichelewa kidogo, ikaja ya kweli.

Nikaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Haya nani kaandika?"

"Mimi. Daktari aliingia akamweleza, mimi nikaandika."

"Nani kakwambia mume yuko safarini?"

"Yeye mwenyewe. Nilimwambia, mama, hii siyo habari ya kubeba peke yako, namwita baba. Akasema baba anafunga pampu huko mbali, hapatikani hata kwa simu."

"Nilikuwa pale." Nikamwonyesha mlango. "Benchi la kwanza."

Akanyanyua macho. Niliona jinsi kumbukumbu inavyomjia, polepole.

"Baba... mimi nilitoka. Nilikuuliza unasubiri kipimo."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia unasubiri tu."

"Nilisema hivyo."

"Ungesema namsubiri mke wangu, ningekuvuta mkono uingie."

Hilo nalo nikalibeba. Kulikuwa na wawili watatu wa kuwalaumu, sasa nami nikawa mmoja wao.

Nikamwomba kitu. Nikamuuliza kama mashine inatunza picha. Akasema inatunza. Nikamwomba nimwone. Akasita, akatazama mlango, kisha akavuta pazia na kubonyeza vitufe. Likatokea jina lake juu, ambalo hata mimi nalijua kwa umbo. Kisha moyo.

Mke wangu yuko ardhini, na moyo wake unapiga mbele yangu.

Hakuna aliyehitaji kunitajia namba. Ukuta ulikuwa mwembamba, umetanuka, unatikisika tu. Unajaa, unajaribu kujikamua, hauwezi, unajaa tena juu ya damu iliyobaki. Nimeona pampu za namna hiyo. Zinazunguka, kelele unazisikia, maji hayaendi popote. Ningekuwa ndani ya chumba kile, ningejua kabla ya daktari. Na yeye alijua kwamba ningejua. Ndiyo maana nilikaa nje.

"Anasema nini hapo?" nikauliza, ingawa kioo kilionyesha moyo tu, si midomo yake.

"Hapo hakusema kitu," mpimaji akajibu. "Alikuwa anatazama kama wewe. Baadaye ndipo aliuliza, ukiwa na moyo huu unaweza kusimama kwenye pasi? Nikamwambia hapana. Akasema, basi nitakuwa nasimama kwa zamu."



Kisha nikamwambia nilichokuja nacho. "Futa hapo. Andika mume alikuwepo."

"Siwezi kufuta, baba. Ripoti ikishapigwa mhuri haifutwi. Hata mkuu wangu hawezi."

"Basi mimi siondoki."

Sikulisema kwa ukali. Nilikaa kwenye kiti chake cha kazi, nikaweka kofia magotini. Nje watu walikuwa wameanza kugonga. Mpimaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kufuta siwezi. Kuongeza naweza. Naweka tarehe ya leo na sahihi yangu."

"Ongeza."

Akaandika chini kabisa, kwa mkono. Akatoa nakala, akaiweka kwenye faili, yenyewe akanirudishia. Akataka kunisomea.

"Usinisomee wewe," nikamwambia. "Samahani, mwanangu."

Akaelewa. Akanifungulia mlango.

Kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja, mtu mzima, viatu vimembana kwa uvimbe. Simjui, hanijui. Hakuwa na sababu ya kunificha kitu.

"Dada yangu, unajua kusoma?"

"Kidogo."

"Nisomee hapa chini. Usiruke neno, hata likiwa baya."

Akaisogeza mbali na macho, kisha karibu. Alisoma kama anayevuka mto, jiwe kwa jiwe. "Nyongeza. Mume alikuwepo siku ya kipimo. Alikaa benchi la nje. Hakuitwa."

Hilo neno la mwisho sikumwambia mpimaji aliandike. Aliliandika yeye.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Akanirudishia karatasi, akanitazama usoni. "Mume mwenyewe ni nani?"

"Ni mimi."

Akasogea kunipa nafasi nikae. Nikamshukuru, sikukaa. Nilikuwa nayarudia yale maneno kimoyomoyo ili yasinitoke, nikashika njia ya kwenda dukani kwa binti yangu. Sikuwa nakwenda kumsamehe. Nilikuwa nakwenda ili naye ayasikie.